Kiatu Laini Si Dawa ya Mguu Unaouma

Anayeumwa miguu kwa miezi au miaka hupewa ushauri uleule kila apitapo: atafute kiatu laini. Ndugu humwambia hivyo, mwenzake wa kazini humwambia hivyo, na muuzaji wa viatu wa Kariakoo au Gikomba hana hoja nyingine. Hukamata kiatu, hudidimiza kidole gumba kwenye soli mpaka kishimo kionekane, kisha humpa mteja naye abonyeze. Soli ikibonyea, biashara imekwisha. Mwenye uwezo zaidi hupewa sura ya pili ya imani hiyohiyo: kama kiatu laini hakikutosha, basi kinachokosekana ni soli ya ndani iliyotengenezwa kwa kipimo cha mguu wake mwenyewe, tena ya bei kubwa, maana nyayo zake ni bapa. Imani hii imeenea kiasi kwamba hata baadhi ya watoa huduma za afya huirudia bila kuihoji. Nayo ni potofu. Kinachompa nafuu mwenye maumivu sugu ya miguu ni kiatu chenye urefu na upana wa mguu wake, kilicho kigumu pale panapotakiwa ugumu na kinachopinda pale mguu unapopinda. Ulaini una mahali pake, lakini ni padogo, na kwa baadhi ya maradhi ya mguu huongeza mateso.

Kosa huanzia kwenye kile kidole gumba. Kidole cha mkono husukuma kwa nguvu ya kilo chache tu, ilhali mtu mzima anapotembea kila hatua hushusha juu ya kiatu nguvu inayozidi uzito wa mwili wake. Soli iliyokubali kidole kwa urahisi hulala kabisa chini ya mzigo huo, na ule ulaini uliouzwa dukani haupo tena mguu unapouhitaji. Povu jepesi la viatu vya bei nafuu halichukui muda kupoteza uwezo wa kurudi lilivyokuwa, na halibonyei sawasawa kila upande. Raba iliyovaliwa mwaka mzima ikiwekwa mezani na kutazamwa kwa nyuma, mara nyingi huonekana imelala upande wa ndani au wa nje, na kisigino cha mvaaji hulala pamoja nayo kwa maelfu ya hatua kila siku.

Ulaini wa kupita kiasi pia huuongezea mguu kazi. Atembeaye kwenye mchanga mkavu wa ufukweni hukanyaga chini palaini kuliko sakafu yoyote, lakini misuli ya miguu humchoka upesi kuliko barabarani, kwa sababu kila hatua lazima ajisimamishe upya. Utafiti wa Steven Robbins na wenzake nchini Kanada, uliochapishwa mwaka 1992, uliwapima wanaume wazee wakitembea juu ya boriti nyembamba wakiwa na viatu vya soli mbalimbali. Soli nyembamba na ngumu ziliwapa uthabiti bora, na soli nene na laini ziliwayumbisha zaidi. Mwaka 2019 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliolinganisha watu wa magharibi mwa Kenya, miongoni mwao waliozoea kutembea peku, na wakazi wa Boston, Marekani. Ulionyesha kwamba soli nene yenye povu hupunguza ukali wa kishindo cha kisigino kinapogusa ardhi, lakini hurefusha muda wa kishindo hicho, hata jumla ya mzigo unaopanda mguuni ikaongezeka. Mvaaji huhisi amekanyaga kwa upole, na hesabu ya mzigo inasema vingine.

Ili kuelewa ugumu unahitajika wapi, lazima kuutazama mguu wenyewe. Una mifupa 26, na chini yake umepita ukanda wa tishu ngumu unaotoka kwenye mfupa wa kisigino hadi kwenye mizizi ya vidole. Mwaka 1954 Mwingereza J. H. Hicks alieleza jinsi ukanda huo unavyofanya kazi: vidole vinapokunjwa kwenda juu wakati kisigino kinainuka, ukanda hukazwa, tao la mguu huinuka, na mguu uliokuwa umelegea huwa wenzo imara wa kuusukuma mwili mbele. Ukanda huo ndio unaouma kwa watu wengi wanaolalamikia kisigino, hasa hatua za kwanza asubuhi, au wanapoinuka baada ya kukaa kwa muda mrefu. Mguu wenye tatizo hilo unahitaji kiatu kinachopinda mahali pamoja tu, pale vidole vinapoanzia. Kiatu kinachokunjika katikati huuachia ukanda ulioumia ubebe peke yake mzigo ambao soli ingeusaidia kuubeba.

Kipimo cha jambo hili hakina gharama, na kinaweza kufanyika kibandani mbele ya muuzaji. Mkono mmoja ushike kisigino cha kiatu, wa pili ushike ncha, kisha mikono isukumane. Kiatu kinachofaa hukataa, halafu hupinda karibu na vidole. Kinachokunjika katikati kirudishwe. Kisha kisokotwe, mkono mmoja kulia na mwingine kushoto. Soli inayozunguka bila upinzani haiwezi kuushika mguu usiyumbe. Mwisho sehemu ya nyuma inayokumbatia kisigino ibanwe kwa vidole viwili. Ikilala bapa, kisigino kitacheza ndani yake. Viatu vingi vinavyosifiwa kwa ulaini huanguka majaribio yote matatu, na viatu vya kike vya bapa vyenye soli nyembamba huanguka vilevile, ingawa ni hivyo wauguzi na walimu wengi husimama navyo kutwa.

Imani ya ulaini ina udhaifu mwingine mkubwa zaidi: inaichukulia miguu yote inayouma kana kwamba inaumwa ugonjwa mmoja. Mwenye baridi yabisi ya kiungo cha kidole gumba huumia kila kidole hicho kinapopinda. Akipewa raba inayopinda kwa urahisi, amepewa sababu ya kuumia kila hatua. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha La Trobe, Melbourne, walichapisha jaribio lililohusisha watu 100 wa namna hiyo. Wale waliowekewa ndani ya viatu vipande vigumu vya nyuzi za kaboni, vinavyozuia soli isipinde, walipata nafuu zaidi baada ya wiki 12 kuliko waliopewa vipande vya kuigiza. Hapo dawa ilikuwa ugumu mtupu. Anayeumia chini ya vidole, kwenye vichwa vya mifupa ya mbele, anahitaji kwanza kisigino kifupi, kwa kuwa kila kisigino kinavyopanda ndivyo mzigo unavyohamia mbele. Viatu vya mchuchumio vyenye sponji ndani bado ni vya mchuchumio. Anayesikia moto na ganzi kati ya kidole cha tatu na cha nne, neva ikiwa imebanwa, anahitaji nafasi ya upana, na soli ya ndani iliyo nene itamzidishia mbano kwa kula nafasi iliyokuwepo.

Nafasi ndiyo jambo linalosahauliwa kuliko yote. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa na Andrew Buldt na Hylton Menz mwaka 2018 yalionyesha kwamba kati ya asilimia 63 na 72 ya watu waliopimwa walivaa viatu visivyolingana na upana au urefu wa miguu yao. Hakuna ulaini unaoweza kufidia kosa hilo. Namba iliyoandikwa kwenye kiatu nayo hudanganya, kwa kuwa katika mfumo wa Ulaya unaotumika sana Afrika Mashariki kila namba huongeza theluthi mbili za sentimita kwenye urefu, na haisemi neno juu ya upana. Watu wawili wa namba 40 wanaweza kutofautiana mno kwa upana wa mguu, na wote wawili wakauziwa kiatu kilekile. Isitoshe, mguu wa mtu mzima hubadilika. Hutanuka kwa umri, kwa kuongezeka uzito na kwa ujauzito, lakini mtu huendelea kutaja namba aliyoijua akiwa na miaka 20.

Tiba ya kosa hili ni karatasi na kalamu. Mguu usimame juu ya karatasi, jioni, wakati umevimba kidogo kwa shughuli za siku, na uchorwe pembeni mwake huku uzito wote ukiwa juu yake. Miguu yote miwili ichorwe, maana mara nyingi mmoja huuzidi mwingine, na mkubwa ndio wa kununuliwa kiatu. Mchoro ukatwe, upelekwe dukani na uwekwe chini ya kiatu. Ukitokeza pembeni mwa soli, kiatu hicho hakifai hata kikiwa cha ngozi bora na bei nzuri. Mbele ya kidole kirefu, ambacho si lazima kiwe kidole gumba, ibaki nafasi ya upana wa kidole cha mkono. Pale soli ya ndani inapotoka, itolewe na ikanyagwe sakafuni: vidole vikimwagika nje yake, ndivyo vitakavyobanwa ndani. Muuzaji atasema kiatu kitatanuka kikizoeleka. Ngozi halisi hutanuka kidogo upande wa upana, plastiki haitanuki, na urefu hauongezeki kwa kiatu chochote. Kiatu kinachohitaji kuzoewa na mguu mgonjwa ni kiatu kibaya.

Sasa kuhusu soli za ndani za kupimiwa. Mwaka 1999 Glenn Pfeffer na wenzake nchini Marekani walichapisha jaribio la wagonjwa 236 wa maumivu ya kisigino. Wote walifanya mazoezi ya kunyoosha. Baadhi hawakupewa kitu kingine, baadhi walipewa vipande vya kawaida vya dukani, vikiwemo vya silikoni, na wengine soli za plastiki zilizotengenezwa kwa kipimo cha mguu wa kila mmoja. Baada ya wiki 8, asilimia 95 ya waliopewa vipande vya silikoni walikuwa wamepata nafuu, dhidi ya asilimia 68 ya waliopewa soli za kupimiwa na asilimia 72 ya waliofanya mazoezi peke yake. Mwaka 2006 Karl Landorf na wenzake nchini Australia walichapisha jaribio la watu 135 lililodumu mwaka mzima. Soli za kupimiwa na soli za dukani za povu gumu zilisaidia zaidi kidogo katika miezi 3 ya mwanzo kuliko povu jembamba na laini la kuigiza. Kufikia miezi 12 makundi yote matatu yalikuwa sawa. Mgonjwa wa kisigino anayeambiwa auze mbuzi ili anunue soli ya kipimo chake anaingizwa hasara.

Mtetezi wa ulaini atasema silikoni ya Pfeffer ni laini, hivyo ushahidi ni wake. Si wake. Kipande kile ni kidogo, hukaa chini ya kisigino tu, ndani ya kiatu ambacho soli yake ya nje haikubadilishwa. Huinua kisigino kidogo na kuongezea unene wa mafuta ya asili yaliyoko pale. Huo ndio ulaini uliowekwa mahali pake, na kanuni yake ni ya zamani. Daktari Paul Brand, aliyewatibu wagonjwa wa ukoma kule Vellore, India, tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, aliwashonea viatu vyenye tabaka laini la mpira linalogusa unyayo, na kwa wale ambao miguu yao ilikuwa hatarini zaidi aliweka chini yake soli ngumu isiyopinda. Tabaka laini lilisambaza mgandamizo na soli ngumu ilizuia mguu usijikunje. Ukiondoa soli ngumu, tabaka laini halina linachokifanya.

Sababu inayotolewa ya kuuza soli za kupimiwa, yaani nyayo bapa, nayo haina mashiko inavyotumiwa. Watu wengi mno wana nyayo bapa zinazonyumbuka, na hawaumwi lolote maisha yao yote. Jeshi la nchi kavu la Marekani, la anga na kikosi cha wanamaji walijaribu kuwagawia makuruta viatu vya kukimbilia kulingana na umbo la tao la mguu, na kulinganisha na wenzao waliopewa kiatu cha aina moja bila kujali umbo. Tafiti hizo, zilizoongozwa na Joseph Knapik na kuhusisha maelfu ya makuruta, hazikuona upungufu wa majeraha wa kuhalalisha mgao huo. Huko India, Rao na Joseph walichunguza watoto 2,300 mwaka 1992 na kukuta nyayo bapa kwa asilimia 8.6 ya waliovaa viatu na asilimia 2.8 ya wasiovaa. Mzazi anayebebeshwa soli za tao kwa ajili ya mtoto asiyelalamika maumivu anatibu picha ya mguu.

Kusema hivyo si kuwadharau mafundi wa viungo. Wapo wagonjwa ambao kiatu cha dukani hakiwafai kamwe: waliozaliwa na miguu iliyopinda, walioumia ajalini, wenye viungo vilivyoharibiwa na baridi yabisi. Kwa hao, kazi ya wataalamu kama wanaofunzwa Moshi, kwenye chuo cha TATCOT kilichoanzishwa mwaka 1981 katika eneo la hospitali ya KCMC, haina mbadala. Wagonjwa hao ni wachache ukilinganisha na umati unaoumwa kisigino kwa kusimama sokoni. Muda wa fundi unaotumika kumpimia asiyehitaji umeporwa kwa anayehitaji.

Wapo watakaouliza: mtu akijisikia vizuri ndani ya kiatu laini, nani wa kumkatalia? Hoja hii ina ukweli ambao haupaswi kupuuzwa. Raha ya mguu ni kipimo halali. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, wanajeshi 206 walihusishwa, na waliopewa soli za ndani walichagua wenyewe kati ya aina 6 ile iliyowafaa zaidi. Walipata majeraha machache kuliko wasiopewa. Lakini hawakuchagua aina moja. Kila mguu ulikuwa na chaguo lake, na ulaini haukuwa jibu la wote. Kwa wakimbiaji pia, jaribio la Luxembourg la mwaka 2020 liliona majeraha machache kwa waliovaa soli zenye kubonyea zaidi, na mkimbiaji mzima wa afya anaweza kulizingatia hilo. Mwenye maumivu sugu anayesimama saa nyingi yuko katika hali nyingine. Raha inayomhusu ni ile ya baada ya kutembea dukani kwa dakika kumi kwenye sakafu ngumu, na ile ya jioni ya siku ya tatu. Dakika ya kwanza, kila sponji ni tamu.

Wapo pia wanaokwenda upande wa pili na kusema wahenga walitembea peku, basi tuvue. Mguu uliokulia peku kwenye udongo ni imara kweli. Mguu uliozoea viatu kwa miaka 40, ukiwa tayari na kidonda cha ndani, haugeuki huo kwa wiki moja. Na chini pamebadilika. Nyumba nyingi za mijini zimewekwa marumaru, viatu huvuliwa mlangoni, na mama mwenye kisigino kibovu hutembea peku juu ya sakafu hiyo kutoka alfajiri hadi usiku, huku kiatu chake kizuri kikipumzika barazani. Kwake, ndara imara za kuvaliwa ndani tu, zenye kisigino kilichoinuka kidogo, zitafanya kazi kuliko raba yoyote ya kutokea. Kandambili nyembamba haziwezi kazi hiyo, kwa kuwa vidole hulazimika kuzing'ang'ania kila hatua.

Mitumba inastahili neno lake, maana ndiko wengi wanakonunua. Humo kuna viatu vilivyoshonwa vizuri kuliko vipya vingi, lakini kiatu kilichovaliwa kimeshachukua umbo la mguu wa mwingine. Kikaguliwe kwa nyuma kama kimelala, na soli ya ndani iliyochapwa na mguu wa mwenyewe wa kwanza itupwe na kuwekwa mpya. Soli za povu la poliyurethani huvunjwa polepole na unyevunyevu wa hewa hata zisipovaliwa, na katika joto la pwani kiatu kinachong'aa kinaweza kumeguka chembechembe baada ya siku chache. Ukucha ukikwaruza soli na vipande vikatoka, kiachwe. Fundi viatu wa mtaani naye anaweza mengi kwa bei ndogo: kuongeza kisigino kwa milimita kadhaa, kubandika soli ngumu chini ya ile inayokunjika, kutanua ngozi pale panapobana kidole.

Hata kiatu sahihi hakimalizi kazi. Michael Rathleff na wenzake nchini Denmark walionyesha mwaka 2014 kwamba wagonjwa wa kisigino walioinua visigino kwa taratibu kila baada ya siku moja, vidole vikiwa juu ya taulo lililokunjwa, walikuwa na nafuu kubwa zaidi baada ya miezi 3 kuliko waliokuwa wakinyoosha unyayo tu. Mwaka ulipotimia makundi yalikuwa yamelingana. Wengi wa wanaoumwa kisigino hupona ndani ya mwaka, na hilo ndilo linaloipa sifa isiyo yake kila soli inayouzwa mwezi wa kumi wa ugonjwa.

Yote yaliyosemwa juu ya raha ya mguu hayamhusu mwenye kisukari au ukoma aliyepoteza hisia za nyayo. Kwake kiatu kinachombana ndicho anachokihisi, na kile kinachomtosha hudhani kimelegea, hivyo asichague kwa kujisikia hata siku moja. Apimwe kwa karatasi na mtu mwingine, aingize mkono ndani ya kiatu kutafuta kokoto au msumari kabla ya kukivaa, asitembee peku hata ndani ya nyumba, na aepuke kandambili ambazo gidamu yake hukata katikati ya vidole. Akiona lengelenge au kidonda, hata kisichouma, asingoje kiatu kipya: aende kliniki siku hiyohiyo.